Kutoka Kutumwa hadi Kujituma: Uhakiki wa Mapokezi ya Kanuni za Montessori katika Malezi ya Nyumbani Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna kanuni za Maria Montessori zinavyopokelewa katika malezi ya nyumbani Afrika Mashariki. Mapokezi hayo yametawaliwa na misimamo miwili. Wa kwanza umezigeuza kanuni hizo kuwa bidhaa za kununuliwa. Wa pili unadai kwamba wazee wetu walilea hivyo tangu zamani na kwamba hakuna jipya la kujifunza. Kwa kuyasoma upya maandishi ya Montessori ya 1909, 1936 na 1949 sambamba na tafiti kuhusu dhana ya akili katika jamii za Kiafrika, makala yanaonesha kwamba misimamo yote miwili inakwepa swali moja: ni nani anayeianzisha kazi ya mtoto, na ni nani anayeikatiza? Inapendekezwa kwamba kanuni hizo zielezwe kwa Kiswahili kupitia uhusiano wa vitenzi kutumwa na kujituma, na kwamba sera za malezi zipime kazi ya mtoto nyumbani kwa kipimo hicho.

1.0 Utangulizi

Jina la Montessori si geni katika ukanda wetu. Linaonekana kwenye mabango ya shule za awali jijini Nairobi, Kampala, Kigali na Dar es Salaam. Nchini Tanzania vipo vyuo vya ualimu wa Montessori vinavyoendeshwa na mashirika ya watawa wa Kikatoliki. Nchini Kenya, mradi wa Corner of Hope, ulioanzia kwenye kambi ya wakimbizi wa ndani karibu na Nakuru baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, umeonesha kwamba mbinu hiyo haiwahusu watoto wa matajiri peke yao.

Lililo jipya kwa kiasi fulani ni kuhama kwa kanuni hizo kutoka darasani hadi sebuleni. Mzazi wa leo haambiwi tu ampeleke mwanawe katika shule ya Montessori. Anaambiwa aifanye nyumba yake iwe ya Montessori. Kuhama huko kunastahili kuhakikiwa kwa sababu mbili. Kwanza, ushahidi mwingi tulio nao kuhusu mafanikio ya mbinu hii umetoka madarasani, wala haujapimwa majumbani. Pili, nchi za ukanda huu zimo katika kuandaa na kutekeleza mipango ya malezi ya awali, na washauri wa mipango hiyo wanahitaji kujua ni kitu gani hasa kinachohamishwa: ni fikra, ni vifaa, au ni hadhi?

Hoja kuu ya makala haya ni kwamba kiini cha Montessori nyumbani ni namna mtu mzima anavyoiheshimu kazi ya mtoto. Vifaa ni nyenzo tu za heshima hiyo. Heshima hiyo haimo katika biashara ya Montessori, na wala haimo kwa ukamilifu katika malezi tunayoyaita ya jadi, ingawa mbegu yake imo.

2.0 Mbinu iliyozaliwa katika nyumba za kupanga

Ni kawaida kuieleza mbinu ya Montessori kama mbinu ya shule ambayo baadaye iliingia nyumbani. Historia inaonesha uhusiano wa karibu zaidi. Tarehe 6 Januari 1907, Montessori, daktari aliyehitimu Chuo Kikuu cha Roma mwaka 1896, alifungua kituo chake cha kwanza katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, Roma. Kituo kilikuwa ndani ya jengo la wapangaji lililokarabatiwa na kampuni ya nyumba. Wazazi walipokwenda vibaruani, watoto ambao hawajafikia umri wa shule walibaki peke yao wakiharibu kuta na ngazi. Kampuni ikaona ni nafuu kuwakusanya watoto katika chumba kimoja kuliko kukarabati jengo kila mara. Kituo kikaitwa Nyumba ya Watoto, na jina hilo halikuwa pambo: mwalimu aliishi katika jengo lilelile, na kina mama walitakiwa kuonana naye mara kwa mara.

Chimbuko hili lina mambo mawili ya kuzingatiwa. La kwanza ni kwamba watoto waliompa Montessori ugunduzi wake walikuwa watoto wa vibarua, walioishi katika vyumba vya msongamano visivyotofautiana sana na vyumba vya kupanga vya Mathare, Katwe au Manzese. Mbinu inayouzwa leo kama alama ya maisha ya juu ilianza kama jibu kwa umaskini wa mjini. La pili ni kwamba kazi za kwanza walizopewa watoto hao zilikuwa kazi za nyumbani: kunawa, kufagia, kufuta vumbi, kuandaa meza, kutunza mimea na wanyama. Katika kitabu chake cha 1909 kuhusu pedagojia ya kisayansi, Montessori aliyaita hayo mazoezi ya maisha ya kila siku, na alisisitiza vyombo viwe vya kweli, hata vile vinavyovunjika, kwa kuwa sahani inayovunjika humfundisha mtoto uangalifu ambao sahani isiyovunjika haiwezi kumfundisha.

3.0 Msimamo wa kwanza: kanuni kama bidhaa

Miongozo ya wazazi iliyoandikwa karne hii imewasaidia wengi. Kitabu cha Tim Seldin cha 2006 na kile cha Simone Davies cha 2019 kuhusu watoto wadogo ni mifano inayojulikana kimataifa. Yote miwili inazungumzia uvumilivu wa mzazi, uangalizi na mipaka iliyo wazi, na haitakuwa haki kuisoma kana kwamba ni orodha ya bei. Hata hivyo, yote miwili humtembeza msomaji chumba hadi chumba: mlangoni, jikoni, chumbani kwa mtoto, bafuni. Mpangilio huo unachukulia kwamba nyumba ina vyumba vingi, kwamba mtoto ana chumba chake, na kwamba mzazi yupo nyumbani kwa saa za kutosha kuangalia na kungoja. Msomaji anayeishi na familia ya watu sita katika chumba kimoja na ukumbi hubaki na picha ya kitu asichonacho. Soko huingia katika pengo hilo na kumwambia kwamba kinachokosekana ni rafu.

Maandishi ya Montessori yenyewe yanaukanusha usomaji huo. Katika kitabu chake cha 1936 kuhusu siri ya utoto anasimulia mambo mawili yanayohusika hapa. Mosi, watoto wa San Lorenzo waliletewa vichezeo vizuri lakini hawakuvichagua. Walirudia vifaa vilivyowadai juhudi. Pili, siku moja mwalimu alisahau kufunga kabati, akakuta watoto wamelifungua na kila mmoja amechukua kifaa anachokitaka. Mwalimu aliona wizi. Montessori aliona uchaguzi. Tangu hapo makabati yakawa mafupi na wazi. Ikumbukwe kwamba rafu fupi, ambayo leo ndiyo bidhaa mashuhuri, ilikuwa tokeo la uamuzi wa kimaadili: mtu mzima alikubali kuacha kushika ufunguo. Anayenunua rafu na kubaki na ufunguo amenunua ubao.

Utafiti wa kisasa unatoa onyo la aina hiyohiyo. Angeline Lillard, ambaye pamoja na Nicole Else-Quest alichapisha mwaka 2006 matokeo ya kulinganisha watoto walioingia shule ya Montessori jijini Milwaukee kwa bahati nasibu na wale waliokosa nafasi, alirudi kwenye suala hilo mwaka 2012. Safari hii alilinganisha madarasa yaliyofuata Montessori kwa uaminifu na madarasa yaliyochanganya mbinu hiyo na vifaa vya ziada vya kawaida. Watoto wa madarasa ya uaminifu ndio waliopiga hatua kubwa zaidi. Ikiwa hata darasani kuongeza vitu kunaweza kwenda sambamba na kupungua kwa manufaa, mzazi anayejaza sebule vichezeo kwa jina la Montessori anapaswa kuonywa, hata kama haturuhusiwi kuyahamisha matokeo ya darasani moja kwa moja hadi nyumbani.

Katika miji yetu kuna ukweli mwingine ambao miongozo hiyo haiwezi kuuona. Familia zinazoweza kununua vifaa hivyo mara nyingi ndizo zenye msaidizi wa kazi za nyumbani, yule anayeitwa dada. Kazi zote za kweli za nyumba hiyo, yaani kufua, kufagia, kuosha vyombo na kuchambua mboga, ni zake. Mtoto wa nyumba hubakiwa na igizo la kazi: anahamisha maharage makavu kutoka kikombe kimoja hadi kingine juu ya sinia la mbao, huku mita mbili kutoka alipo dada akichambua maharage ya chakula cha jioni. Pengine dada huyo naye angali binti mdogo aliyetolewa kijijini kwao. Mmoja amenyang'anywa kazi inayomkuza. Mwingine amebebeshwa kazi iliyomnyang'anya ukuaji. Uhakiki wowote wa Montessori nyumbani katika ukanda huu ambao hauwaoni watoto hawa wawili chini ya paa moja haujaiona nyumba yenyewe.

4.0 Msimamo wa pili: "Sisi tulikuwa nayo tangu zamani"

Dhidi ya ubidhaaishaji huo huibuka jibu la kujivunia urithi. Hudaiwa kwamba mtoto wa Kiafrika amekuwa akichota maji, kupukuchua mahindi, kuchunga mbuzi na kubembeleza mdogo wake kabla Montessori hajazaliwa. Jibu hili lina ukweli mzito, na tafiti zinalithibitisha kwa sehemu.

Robert Serpell, katika kitabu chake cha 1993 kuhusu elimu na maisha ya Wachewa wa Katete, mashariki mwa Zambia, aliwauliza watu wazima wangemchagua mtoto yupi kwa majukumu mbalimbali, likiwemo la kutumwa na ujumbe muhimu. Alibaini kwamba dhana ya nzelu, yaani akili au hekima, haikamiliki kwa werevu pekee. Huhitaji pia sifa inayotajwa kwa kitenzi ku-tumikila: kuaminika katika kutumwa na kuwafaa wengine. Msomaji wa Kiswahili haitaji kamusi kulitambua shina hilo. Kwa upande wa Kenya, Sara Harkness na Charles Super walieleza kwamba Wakipsigis hutofautisha akili ya shuleni na akili ya nyumbani. Mtoto mwenye akili ya nyumbani, ng'om en gaa, ni yule anayefagia, kuosha vyombo au kumwangalia mdogo wake kwa sababu ameona jambo hilo linahitajika, bila kungoja kuambiwa. Naye A. Bame Nsamenang wa Kamerun alitumia maisha yake ya kitaaluma kuonesha kwamba ushiriki wa mtoto katika kazi za familia ni mtaala kamili, na kwamba miradi ya malezi ya awali inayoupuuza huanza kwa kubomoa.

Hata hivyo, kutoka hapo hadi kusema kwamba malezi ya jadi ndiyo Montessori ni kuruka hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni ya umakini. Kwa Montessori, tukio kuu la utoto ni mtoto kuzama katika kazi yake, kuirudia mara nyingi, na kuimaliza pale nafsi yake iliporidhika. Mtu mzima hufanya kazi ili apate tokeo la nje, kwa juhudi ndogo iwezekanavyo; mtoto hufanya kazi ili ajijenge, na hana haraka. Nyumba nyingi zetu hazina ulinzi wa umakini huo. Mtoto anayepanga vifuniko vya chupa kwa ukubwa wake ataitwa mara tano ndani ya nusu saa: leta maji, mwite kaka yako, kanunulie chumvi. Kila wito una haki yake kwa upande wa mtu mzima, lakini kwa pamoja humfundisha mtoto kwamba alilokuwa akilifanya halikuwa kitu.

Hatua ya pili ni ya jinsia na kipimo. Kutumwa hakugawanywi sawa: binti hutumwa zaidi na mapema zaidi kuliko nduguye wa kiume, ilhali katika Nyumba ya Watoto wa jinsia zote mbili walishika ufagio. Aidha, mtoto akibeba kidumu cha lita 3 anajifunza mizani ya mwili wake, lakini akibebeshwa dumu la lita 20 anajifunza maumivu. Vyote viwili huitwa kuchota maji.

Hatua ya tatu ni ya picha ya mtoto. Methali "Samaki mkunje angali mbichi" humwona mtoto kuwa kitu cha kukunjwa, na mkunjaji ndiye mwenye umbo kichwani. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo" nayo huweka utendaji wote upande wa mlezi. Montessori angezipinga methali hizo, si kwa sababu haamini malezi, bali kwa sababu anaamini kwamba mtoto ndiye mtendaji mkuu wa ukuaji wake. Haimaanishi kwamba hekima yetu ni ya upande mmoja. "Mtoto akililia wembe, mpe" hukubali kwamba yapo mafunzo yasiyoweza kutolewa kwa maneno. Montessori asingetoa wembe, lakini angetoa kisu kidogo cha kukata ndizi mbivu, angeonesha polepole namna ya kukishika, kisha angerudi nyuma hatua mbili. Tofauti kati ya methali na mbinu iko katika hatua hizo mbili: methali inamwachia mtoto dunia imfunze; mbinu inamwandalia dunia iliyo kadiri yake.

5.0 Tatizo la tafsiri na uwezo wa kitenzi tuma

Tukikataa misimamo yote miwili tunabaki na kazi ya lugha. Istilahi za Montessori zinazozunguka katika mafunzo ya walimu na wazazi nyingi ni tafsiri za neno kwa neno, na baadhi zinapotosha. "Vipindi nyeti" ni mfano. Neno nyeti kwa msemaji wa leo hudokeza jambo la siri au la kuogofya, kama taarifa nyeti au sehemu nyeti za mwili. Mzazi hawezi kubahatisha kwamba linalokusudiwa ni majira ambayo mtoto ana wepesi wa pekee wa kujifunza jambo fulani. "Majira ya wepesi" yangeeleweka bila semina. "Uhuru wa mtoto" nao husikika ama kama siasa ama kama kudekeza, na mzazi anayeogopa kulea mtoto mdekaji huufunga mlango hapo hapo.

Kiswahili kina njia iliyo karibu zaidi. Shina la tuma limeenea katika lugha nyingi za ukanda huu: Mganda husema okutuma, Mnyarwanda gutuma. Katika Kiswahili limezaa mtume, mtumishi na mtumwa, na maneno hayo matatu yanatosha kutukumbusha kwamba kutumwa kunaweza kumtukuza mtu, kumpa wajibu, au kumwondolea utu. Shina hilohilo limezaa pia kujituma: kuwa mtumaji na mtumwaji wa nafsi yako. Leo neno hili linasikika zaidi katika matangazo ya ajira na hotuba za tija kazini, lakini muundo wake unabeba kile ambacho Montessori alikihitaji kurasa nyingi kukieleza. Mtoto wa Kikipsigis anayefagia bila kuambiwa anajituma. Mtoto wa San Lorenzo aliyelifungua kabati alijituma. Kati ya mtoto anayetumwa na mtoto anayejituma ndipo penye safari yote ya malezi.

Muhimu zaidi, uhusiano wa vitenzi hivi unaondoa uadui wa bandia kati ya utii na uhuru. Katika kitabu chake cha 1949 kuhusu akili inayofyonza, Montessori anaeleza ngazi tatu za utii. Katika ya kwanza mtoto hutii safari moja na kushindwa nyingine, kwa kuwa utashi wake haujakomaa. Katika ya pili anaweza kutii kila anapotakiwa. Katika ya tatu hutii kwa furaha, akimgeukia mtu anayemheshimu kwa hiari yake. Utii kwa Montessori ni tunda la utashi uliojengwa. Hauwezi kupatikana kwa kuuvunja utashi huo. Hapa mzazi wa Afrika Mashariki anayethamini adabu haambiwi aache adabu. Anaambiwa kwamba mtoto asiyewahi kujituma hawezi kutumwa akatumika vyema, kwa sababu hana nafsi iliyokomaa ya kuitika.

6.0 Mipaka ya Montessori mwenyewe

Uhakiki huu hautakuwa wa haki ukimweka Montessori juu ya mizani. Kanuni za kituo cha 1907 ziliruhusu mtoto afukuzwe akija mchafu au wazazi wake wakimkosea heshima mwalimu. Sauti ya taasisi inayowaadabisha maskini ilikuwamo tangu mwanzo, na mafunzo ya wazazi ya leo yanaweza kuirithi bila kujua. Tena, Montessori hakumlea mwenyewe mwanawe Mario, aliyezaliwa 1898, katika miaka yake ya utotoni. Alilelewa na watu wengine, na waliungana baadaye hadi kufanya kazi pamoja. Jambo hili halitajwi hapa kwa kumsuta. Mazingira ya mwanamke mtaalamu asiyeolewa katika Italia ya wakati ule yanajulikana. Linatajwa kwa sababu maandishi yake juu ya malezi ya nyumbani yalitokana kwa kiasi kikubwa na kuwatazama watoto wa wengine wakiwa katika kundi, chini ya uangalizi wa mtu aliyelipwa kwa kazi hiyo. Mzazi mwenye uchovu wa siku nzima sokoni hayumo katika kurasa hizo.

Mpaka wa pili ni wa kinadharia. Kitovu cha mtazamo wake ni mtoto mmoja na kazi yake. Kazi ya nyumbani katika jamii zetu haikuzi mtoto mmoja tu. Inamfunga na wengine. Mtoto anayepukuchua mahindi pamoja na bibi yake hupata hadithi, ukoo na utani kwa wakati mmoja. Tukiilinda kazi hiyo kwa ajili ya umakini wa mtoto peke yake, tunaweza kupoteza nusu ya thamani yake. Hapa Serpell na Nsamenang wanamkamilisha Montessori, na si kinyume chake: kujituma kusikoishia katika kuwafaa wengine hakujafika.

7.0 Maana kwa watunga sera

Mfumo wa malezi jumuishi uliotolewa na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia mwaka 2018 umeathiri mipango mingi ya ukanda huu. Tanzania, kwa mfano, ilizindua mwishoni mwa 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na kabla yake, mwaka 2016, Uganda ilitoa sera yake jumuishi ya maendeleo ya awali ya mtoto. Mfumo huo una nguzo tano: afya bora, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Kazi ya mtoto nyumbani haina nguzo yake. Ikiingizwa chini ya ulinzi, huonekana kama hatari ya kuondolewa. Ikiingizwa chini ya ujifunzaji, huelekea kufunikwa na michezo na vifaa vyake. Wakati huohuo, Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990, katika kifungu cha 31, unamtambua mtoto kuwa mwenye wajibu kwa familia yake, kulingana na umri na uwezo wake. Kati ya mikataba ya ajira ya watoto na kifungu hiki kuna uwanja mpana ambao mzazi hupita kila siku bila mwongozo.

Tunapendekeza maswali matatu ambayo mhudumu wa jamii anaweza kumwachia mzazi yeyote, awe na rafu au asiwe nayo. La kwanza: je, kazi hii ina kipimo cha mwili wa mtoto? Ufagio mfupi wa chelewa, kata ndogo na kigoda ni vifaa vya Montessori kamili, na vingi vimo nyumbani. La pili: je, mtoto anaweza kuianza na kuimaliza mwenyewe bila kukatizwa? Nusu saa moja kwa siku ambayo mtoto aliyezama kazini hatatumwa popote haimgharimu mzazi fedha. La tatu: je, mvulana na msichana wa nyumba hii, na dada anayeishi nao, wanapata majibu yaleyale kwa maswali mawili ya kwanza? Swali hili la tatu ndilo gumu, na ndilo litakaloamua kama tunazungumzia malezi au anasa.

Kuhusu walengwa, mafunzo ya wazazi yanayoendeshwa kwa saa za ofisi na kwa mama peke yake yatawakosa wanaokaa na mtoto mchana kutwa. Mabibi, wasaidizi wa kazi za nyumbani na kaka na dada wakubwa wanapaswa kutajwa wazi katika miongozo, na msaidizi mwenye umri wa kuwa shuleni atajwe kwanza kama mtoto, kisha kama mlezi. Kuhusu lugha, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya kitaifa yana nafasi ya kuoanisha istilahi za malezi ya awali kabla hazijaganda katika tafsiri mbovu. Na kuhusu utafiti, kinachohitajika ni kazi za nyanjani zinazopima malezi ya nyumbani katika nyumba za ukanda huu, badala ya kuazima matokeo ya madarasa ya Marekani.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba kanuni za Montessori zinaposafiri kwenda nyumbani kwa njia ya bidhaa hupoteza kile kilichozizaa, na zinapodaiwa kuwa urithi wetu mkamilifu hupoteza makali ya kutukosoa. Mtoto wa ukanda huu hana uhaba wa kazi za kweli, isipokuwa pale ukwasi ulipozihamishia kwa mtoto mwingine. Uhaba wake ni wa mtu mzima anayeweza kumtazama akifanya kazi hiyo kwa polepole yake, kuuzuia ulimi usimwite, na kumwamini amalize. Hilo haliuzwi dukani, na wala halitarudi lenyewe kwa kuwasifu mababu. Linaweza kufundishwa, kwa lugha ambayo mzazi anaitumia kila siku anapomtuma mwanawe, ili siku moja asihitaji kumtuma.